Ovaroli ya Ngozi Isiwe ya "Atakua Nayo"

Jumapili moja baada ya Misa tulikuwa tumekaa kibarazani huko Mwankoko tukiwapima wazee shinikizo la damu, mara akatujia mama mmoja akimvuta mwanawe mkono. Kijana mwenyewe ana miaka 19. Alikuwa amevaa ovaroli ya ngozi nyeusi yenye mistari myekundu, kipande kimoja tangu shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na mgongoni ilikuwa na nundu. Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wakimfuata nyuma na kumwita ngamia.

"Shikamooni," alisema kijana huku jasho likimtiririka.

Mama hakungoja tuitikie. "Nimeuza alizeti yangu nikamnunulia vazi hili kwenye mitumba mjini. Kaka yake mnamjua, alianguka kwenye lami mwaka juzi, mkono mpaka leo haunyooki. Sasa na huyu amepata pikipiki, anataka kupeleka mizigo hadi Babati. Niambieni ukweli. Litamkinga, au nimetupa fedha?"

Tulimwomba kijana akunje mkono. Kinga ya kiwiko, yaani kile kipande kigumu kilichowekwa ndani ya mkono wa vazi, haikuwa kwenye kiwiko. Ilikuwa imeteremka kuelekea kiganjani kwa upana wa vidole vinne. Tukamwomba akae kwenye benchi. Kinga ya goti nayo ikazunguka na kukaa ubavuni mwa mguu. Tulipoishika ngozi ya pajani tuliweza kuikunja ngumi nzima.

"Mbona kubwa hivi, mama?"

"Nilichagua kubwa makusudi. Bado anakua. Atakua nalo."

Ndugu wasomaji, ni nani kati yetu ambaye hakuvaa sare ya shule ya "atakua nayo"? Sketi inapindwa pindo mara mbili, kaptula inafungwa mkanda hadi inafanya marinda, na mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na shati la darasa la tatu. Kwa sare ya shule hiyo ni busara ya wazazi wenye kipato kidogo, wala hatuilaumu. Lakini ovaroli ya pikipiki si sare. Kazi yake yote iko katika kukaa mahali pake wakati mwili unapoburutwa. Ikihama, mama amenunua ngozi nzuri ya ng'ombe inayokinga sehemu isiyoumia.

Sekunde mbili juu ya lami

Tuanze na hesabu kidogo. Mtu akianguka pikipiki ikiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huteleza juu ya lami kwa sekunde 2 hivi kabla ya kusimama. Katika muda huo hupita kama mita 15, karibu urefu wa kanisa dogo la kigango. Nguo ya kawaida ya pamba, hata suruali ya jinzi, aghalabu hutoboka kabla ya sekunde 1 kwisha. Sehemu iliyobaki ya safari hiyo mtu huimaliza kwa ngozi yake mwenyewe.

Ndiyo maana ngozi ya ng'ombe inafaa. Kiwango cha Ulaya kilichotolewa mwaka 2002 kilitaka sehemu zinazogonga chini kwanza, yaani mabega, viwiko, nyonga na magoti, zistahimili kusuguliwa kwenye mashine ya majaribio kwa sekunde 4, na kwa vazi la daraja la juu sekunde 7. Huko Australia watafiti walichunguza wapanda pikipiki 212 waliopata ajali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliokuwa wamevaa suruali maalumu ya pikipiki walilazwa hospitalini kwa kiasi cha kama nusu tu ya wale wasiokuwa nayo. Glavu zilisaidia hata zaidi. Lakini watafiti hao hao waliona kwamba jaketi karibu 3 katika kila 10 ziliharibika katika ajali hiyo hiyo moja. Basi kuvaa kitu kinachoitwa vazi la pikipiki hakutoshi.

Tuseme pia jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Ngozi inazuia kuchunika. Haizuii mfupa kuvunjika mtu anapogonga lori, ng'ombe, au mojawapo ya majabali yetu ya Singida. Wala haina maana yoyote kama kichwa kiko wazi. Kofia ngumu inayobana vizuri na kufungwa kamba chini ya kidevu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Familia yenye fedha za kitu kimoja tu inunue kofia, na ikiwa pikipiki hubeba watu wawili, inunue kofia mbili.

Inafaa tukumbushe habari ya kidonda cha kuchunika, kwa sababu nyumba nyingi hukidharau. Kioshwe mapema kwa maji safi mengi yanayotiririka na sabuni, mchanga wote utoke, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi. Msipake majivu, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Mgonjwa apelekwe zahanati, hasa kama mchanga umezama au kama hana hakika ya chanjo ya pepopunda.

Pima ukiwa umeinama

Wengi hupima ovaroli hii kama suti ya harusi: mtu anasimama wima mbele ya kioo, anajigeuza, anauliza wenzake. Hapo ndipo kosa linapoanza. Pikipiki haiendeshwi mtu akiwa amesimama. Ovaroli iliyokatwa kwa ajili ya kuendesha ina mikono iliyopinda na magoti yaliyokunjwa tangu kiwandani. Ukisimama wima itakuvuta mabega mbele, nawe utaonekana kama mzee aliyelala vibaya. Usishtuke. Ikiwa umesimama na unajisikia raha kabisa, yamkini ni kubwa.

Basi iegesheni pikipiki kwa stendi ya katikati mahali palipo sawa, au akose hiyo ashikiliwe na mtu mwingine, na kijana apande. Ashike usukani kwa mikono miwili, aweke miguu pale inapokaa akiendesha. Akae hivyo kwa dakika 15, si dakika moja. Wakati huo mzazi azunguke na kutazama.

Kwanza mtazame viungo. Kinga ya kiwiko ifunike ncha ya kiwiko kilichokunjwa, na ya goti ifunike kifuu chote cha goti. Akiwa amesimama, kinga ya goti huonekana imeshuka kidogo; akikaa hupanda na kufika mahali pake. Kisha shikeni kila kinga kwa nje mjaribu kuizungusha. Ikizunguka kwa mkono wa mama, itazunguka kwa lami. Ya begani iwe juu ya mfupa wa bega lenyewe, isiteremke kwenye msuli wa mkono.

Pili mtazame ulegevu. Pajani na kwenye mkono wa juu mnaruhusiwa kufinya mkunjo mdogo tu kwa vidole viwili. Ngozi iliyolegea hujikunja mtu anapoteleza, mkunjo unashika lami, unavuta, na mshono unaachia. Tena sisi wa Singida tunaujua upepo wetu. Vazi lililolegea hupepea kama bendera, na baada ya saa moja mabega yamechoka kwa kupigana nalo. Kwa kweli ovaroli ya kipande kimoja ilianzia hapo. Mwaka 1950 mwendesha pikipiki za mashindano wa Uingereza, Geoff Duke, alimwendea fundi cherehani wa mji wa kwao, St Helens, akamshonea vazi la ngozi la kipande kimoja lililoubana mwili. Alikuwa akitafuta kasi, maana nguo za wakati ule zilishika upepo. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia katika madaraja mawili. Kila wasikiapo wateja wakidharau mafundi cherehani, tunawaomba mafundi wetu wakumbuke habari hiyo.

Tatu mtazame kubana, maana kuna wanaokimbia "atakua nayo" wakaangukia upande wa pili. Kijana avute pumzi ndefu hadi mwisho. Ageuze kichwa na kiwiliwili atazame nyuma kulia na kushoto. Akamate klachi na breki mara nyingi mfululizo, akanyage gia. Vidole vikianza ganzi ndani ya hizo dakika 15, kwapa linabana mishipa. Kukiwa na maumivu kwenye msamba au nyuma ya goti, dereva atakuwa akijisogeza kitini safari nzima badala ya kutazama barabara, na hiyo nayo ni hatari.

Ngozi mpya huachia kidogo kwa upana ikizoea mwili. Kwa urefu haiachii namna hiyo. Kwa hiyo kipimo kikubwa kuliko vyote, ambacho mafundi wengi wamezoea kukisahau kwa kuwa suruali na shati havikihitaji, ni mzunguko wa kiwiliwili. Chukueni futi ya fundi, anzeni kwenye mfupa unaojitokeza chini ya kisogo, teremkeni mgongoni, piteni msambani, mpande mbele hadi kwenye kishimo cha koo. Andikeni. Kisha pimeni ovaroli yenyewe kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa fupi, zipu itakataa kufika juu au msamba utaumia, na hakuna maombi wala mafuta yatakayoirefusha.

Mwisho mtazame pembeni. Mikono ikinyooshwa kwenye usukani, pasionekane ngozi ya mtu kati ya glavu na vazi. Vivyo hivyo kwenye vifundo vya miguu. Kandambili na ovaroli ya ngozi ni vichekesho. Avae na kofia ngumu, atazame mbele akiwa ameinama. Kama ukosi au nundu inaisukuma kofia hadi inaziba macho, vazi hilo halifai kwa pikipiki yake.

Na hiyo nundu, wapenzi, haikingi uti wa mgongo. Imewekwa ili upewo upite vizuri nyuma ya kofia katika mashindano. Kinga ya mgongo ni ubao laini unaokaa ndani, na katika mitumba mara nyingi umeshatolewa, kumebaki mfuko mtupu. Ingizeni mkono mpapase.

Unaponunua mitumba

Hatuna ugomvi na mitumba. Ovaroli mpya ni ghali mno kwa familia nyingi za parokia, na ngozi iliyotunzwa hudumu miaka. Ila namba iliyoandikwa ndani inahitaji kuelewa. Vazi la kiume lenye vipimo vya Ulaya hubeba namba ambayo ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita: 50 ni kifua cha sentimita 100, 52 ni cha 104. Vazi la Uingereza au Marekani huandikwa inchi za kifua, hivyo 42 ya Uingereza ni sawa na 52 ya Ulaya. La kijana wetu liliandikwa 56. Tulimpima kifua tukapata sentimita 100. Mama akashika mdomo.

Namba za kike hazifuati hesabu hiyo. Tunao dada zetu, wauguzi na maofisa ugani, wanaoendesha pikipiki kila siku. Wao wasikubali kuuziwa la kiume lenye kifua cha kutosha, kwani litawabana nyonga na kulegea begani. Wapime nyonga pia.

Tafuteni alama za ajali ya mwenye vazi wa kwanza: mikwaruzo begani na makalioni, uzi uliokatika, ngozi iliyong'aa kwa kusuguliwa. Vuteni mshono kwa nguvu kwa mikono miwili. Mkiona mwanga katikati ya nyuzi, rudisheni. Kunjeni ngozi, ikionyesha nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, imekufa. Baadhi ya mavazi ya siku hizi yana mfuko unaojaa hewa mtu anapoanguka, na katika mashindano ya MotoGP umekuwa wa lazima tangu mwaka 2018. Ukikuta hilo kwenye belo, lihesabu kama vazi la kawaida, kwa sababu betri na gesi yake huwezi kujua hali yake.

Je, fundi anaweza kupunguza? Anaweza, kwa kiasi. Apunguze upande wa ndani wa mkono na wa paja, sehemu zisizogusa lami, na ashone mara mbili kwa uzi imara wa nailoni au polista, si wa pamba. Matundu ya sindano yasikaribiane mno, la sivyo ngozi itachanika kwa mstari kama stempu. Asiguse mshono wa nje wa kiwiko, wa nyonga wala wa makalio. Kutoka 56 hadi 50, hata hivyo, ni kulikata vazi lote upya, na kinga zake zote zitakuwa zimehama.

Ngozi ikilowa ianikwe kivulini, isipelekwe juani wala karibu na jiko. Ipakwe mafuta ya ngozi kidogo. Alizeti yetu ni ya sufuriani. Ukiipaka kwenye ngozi, baada ya muda inanata na kunuka.

Joto, maji na haja ndogo

Hili tunalisema kwa wanawake na wanaume. Ovaroli ya kipande kimoja huvuliwa kwa taabu. Tumewahi kusikia madereva wakikiri kwamba hawanywi maji safarini ili wasihangaike na zipu. Mtu wa namna hiyo, ndani ya ngozi nyeusi, saa nane mchana katika jua la Septemba, anajitafutia kizunguzungu akiwa barabarani. Anywe maji kabla ya kuondoka na kila anaposimama, afungue zipu hadi kifuani akiegesha, apumzike kivulini. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija, asiendelee. Ndani avae nguo nyepesi ya pamba yenye mikono mirefu, wala si nailoni, ambayo huyeyuka kwa msuguano na kugandia mwilini. Aifue kila siku. Fangasi wa kwapani na kinenani hupenda sana giza lenye unyevu.

Kwa sababu hizo, maoni yetu ni kwamba dereva wa bodaboda anayepanda na kushuka mara thelathini kwa siku kati ya Mwankoko na mjini atafaidika zaidi na jaketi na suruali vinavyounganishwa kwa zipu kiunoni. Kipande kimoja kina nguvu kwa kuwa hakina mahali pa kuachana kiunoni mtu anapoburutwa, lakini ni vazi la safari ndefu ya lami. Vipimo vyote tulivyotaja ni vile vile.

Mama yule alirudi mjini na mwanawe siku ya Jumanne. Muuzaji alikubali kubadilisha, akatoa namba 50. Walituletea Jumapili iliyofuata. Kiwiko sawa, goti sawa, mabega kama aliyepimiwa. Lakini zipu ilikwama kifuani. Kijana ni mrefu wa kiwiliwili, na aliposhusha mabega ili ifungwe alitoa sauti ambayo kibarazani hatuitarajii. Tukapima kwa futi: vazi lilipungua sentimita 6. Mama alitusihi tuseme litaachia likizoea. Hatukusema. Alikaa kimya kidogo, akamtazama mwanawe mkubwa aliyekuwa amesimama mlangoni na ule mkono wake, kisha akasema, "Haya, twende tena."

Safari ya tatu walipata jaketi na suruali, namba 50, zipu ya kiunoni ikiwa nzima, na fedha kidogo ikabaki ya glavu. Tulimkalisha kijana juu ya pikipiki kwa dakika 15 kamili huku mama akizungusha kila kinga kwa mkono wake, ya kulia kisha ya kushoto, na akarudia. Hazikuzunguka. Nundu haina, na watoto wa Utoto Mtakatifu walisikitika kidogo.